Hedi Iliyong'aa Kama Kioo

Jumatatu, 4 Machi

Mvua zimeanza. Bati la gereji linavuja juu ya benchi, kazi hakuna, na mtu mwenye mambo mengi kifuani kama mimi akikaa bure atapasuka. Basi naandika. Shule niliiachia darasa la sita, lakini asije mtu akadhani nilishindwa. Mwalimu ndiye aliyeishiwa. Nilimuuliza swali moja la hesabu siku ya Jumatano, mpaka anastaafu hajanijibu.

Mtaa mzima huniita Mjomba, wakubwa kwa wadogo. Mpwa wa damu ninaye mmoja tu, binti wa dada yangu. Anakaa kaunta kwenye duka la spea la baba yake, yaani shemeji yangu, ng'ambo ya barabara. Tunatazamana mlango kwa mlango. Huyo binti nimemlea kwa hadithi. Alipokuwa mdogo nilimwambia niliwahi kuvuta basi kwa meno. Akanifungua mdomo, akayakagua meno yote, akayakuta mazima. Akasema, "Basi, Mjomba, lilikuwa basi dogo." Sasa ni mtu mzima, na bado akiniona navuka barabara ananisogezea kiti.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nimenoa bisibisi ambayo haikuwa na shida yoyote.

Jumamosi, 9 Machi

Mama Maziwa kaja leo akivutwa kwa kamba. Mama huyu ana gari dogo la mizigo. Alfajiri hukusanya maziwa kwa wafugaji, na jua likichomoza ameshayafikisha mahotelini. Gari likilala, maziwa hayalali nalo, yanaharibika.

"Linachemsha," akasema. "Halafu linafuka moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi."

Nikachomoa kijiti cha oili. Oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akachungulia begani kwangu.

"Mjomba, miaka yote maziwa nabeba nyuma. Nani kayaweka mbele?"

Nilicheka mpaka nikashika bampa. Kisha nikamweleza kitaalamu. Juu ya injini kuna kifuniko kizito, ndiyo hedi. Kati ya hedi na mwili wa injini kuna ngozi nyembamba, ndiyo gasketi, na kazi yake ni kumzuia kila mmoja chumbani kwake: maji kwao, oili kwao, moto kwao. Ikiungua, wote wanaanza kutembeleana bila hodi.

"Sawa, mwalimu. Jumatatu nalihitaji."

"Jumatatu utalikuta linaimba."

Nikaifungua hedi mbele ya watu, maana kazi yangu haina siri. Hapo ndipo akapita Mkereza. Huyu ni mama wa makamo, ana karakana mwisho wa mtaa yenye mashine za kukereza na kusawazisha vyuma, na mdomo wake unakereza kuliko mashine. Akasimama na mwavuli wake.

"Injini imechemka hiyo. Hedi ya alumini ikichemka hupinda. Niletee niipime kabla hujaifunga."

Nikanyanyua kidole changu cha shahada. "Mama, kidole hiki kimepima hedi za treni."

"Treni gani?"

"Ya zamani. Hujazaliwa."

Fundi rangi wa gereji jirani, tunamwita Rangirangi, akaanguka kwa kicheko, na wengine wakamfuata. Mkereza akaangalia kidole changu, akaangalia hedi, akaenda zake. Nilijisikia mkubwa kama mlima.

Jumapili, 10 Machi

Leo nimeisafisha hedi. Nilifunga burashi ya waya kwenye drili, nikaipitisha mpaka masizi yote yakatoka. Pale katikati, kwenye alama nyeusi, nikakazania zaidi. Kisha msasa mkononi, mkavu na wa maji, mpaka uso wa chuma ukang'aa kama kioo. Rangirangi akaja akachana nywele ndani yake. Mtoto wa jirani akajiona akatoa ulimi. Nikapitisha kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kidole hakikuona kitu.

Nikavuka kwa shemeji kuchukua gasketi. Shemeji yangu ni mtu wa maneno machache. Kila boksi analifuta vumbi kwa kitambaa kabla ya kukupa, hata kama halina vumbi.

"Umeipima?" akauliza.

"Shemeji, nani mwalimu hapa na nani mwanafunzi?"

"Haya," akasema.

Jumatatu, 11 Machi

Gari limeondoka linaimba kama nilivyosema. Mama Maziwa kapiga honi mpaka kona.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Nimewasimulia kijiweni habari ya hedi ya treni. Imeongezeka behewa.

Jumanne, 19 Machi

Leo nitaandika mengi, na sitaki.

Gari la Mama Maziwa limezimika mlimani alfajiri, mvua inamwagika, mapipa yote yamejaa. Amekaa pale mpaka maziwa yakakatika. Limeletwa kwa kamba tena saa nne, naye ametembea nyuma yake kwa miguu kama anayesindikiza jeneza. Hakusema utani. Hilo ndilo lililonitisha.

Watu wakakusanyika, maana mvua ilikuwa imetulia na hakuna aliyekuwa na kazi. Nikafungua bolti moja baada ya nyingine. Nilipoinua hedi nikaona kabla ya mtu mwingine yeyote: gasketi imeungua katikati, kati ya silinda ya pili na ya tatu, pale pale nilipokazania kwa burashi. Mahali pengine imebanwa vizuri, ina alama kila upande. Pale katikati haikuwa na alama ya kubanwa hata kidogo. Chuma hakikuigusa.

Nilijua. Au tuseme nusu yangu ilijua, na nusu nyingine ilikuwa na watu kumi wanaoitazama mdomo.

"Ni nini, Mjomba?" Mama Maziwa akauliza. "Niambie tu ni nini."

Nikaibandua ile gasketi nikainyanyua juu. Haki ya Mungu, sikupanga. Maneno yalitoka yenyewe kama yanavyotoka siku zote.

"Tazameni wenyewe tunachouziwa! Hii ni gasketi hii? Hii ni karatasi ya daftari imepakwa rangi! Nimeona hata hesabu za mtoto ndani yake!"

Watu wakasema loo. Rangirangi akasogea. "Hesabu gani?"

"Za kujumlisha. Na amekosa."

Wakacheka. Kicheko kile kiliniingia kama maji ya moto siku ya baridi, kikanipasha mwili mzima. Kisha mtu mmoja akauliza, "Si ya hapo ng'ambo hiyo?" na wote wakageuka kuangalia duka la shemeji. Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameanza kutabasamu, kama anavyotabasamu kila akiniona nimezungukwa na watu. Hakuwa amesikia.

Mama Maziwa akachukua ile gasketi mkononi mwangu, akavuka barabara, akaitupa juu ya kaunta. Alichosema sikusikia. Niliinama nikatafuta spana ambayo ilikuwa mkononi.

Alhamisi, 21 Machi

Mchana mvua ilipozidi na barabara ikawa tupu, nikaitia hedi kwenye gunia nikaenda kwa Mkereza. Aliniona na gunia begani akasema, "Karibu, fundi wa treni."

Nikaishusha hedi kwenye benchi lake. Akaipangusa hedi kwa kitambaa na petroli, akaigeuza uso juu. Akatoa rula nene ya chuma iliyofungwa kwenye flana kama mtoto mchanga, akaisimamisha kwa ubavu wake juu ya hedi. Kisha akachukua kile kijishada cha vyuma vyembamba vya kupimia, vimepangwa kama kisu cha kukunja, akachagua kimoja chembamba kama unywele. Akajaribu kukipitisha chini ya rula pembeni: kikagoma. Upande wa pili: kikagoma. Akaja katikati. Kikapita. Akachukua kinene zaidi, kikapita. Kinene tena, kikapita. Akaigeuza rula mshazari, kona kwa kona. Kikapita.

"Lete kidole," akasema.

"Mama, nimeshaelewa."

"Lete kidole cha treni."

Akakishika akakipitisha pale katikati. Sikuhisi kitu. Ni laini kama shavu.

"Umeona? Kidole kinasikia mikwaruzo, hakisikii bonde. Hedi ilipinda kidogo tu, ungeniletea ningeinyoosha nikiwa nakunywa chai. Wewe ukachukua burashi ukachimba bakuli. Nani alikwambia kung'aa ndiyo kunyooka?"

Akapuliza dawa nyekundu, akaipangusa, akapuliza unga mweupe juu yake. Akasema kama kuna ufa, wekundu utarudi juu wenyewe na kujichora. Tukasubiri. Mvua inapiga bati, mimi naangalia unga mweupe na kuomba ufa. Ndiyo, niliomba ufa. Ufa si kosa la mtu.

Hakukuwa na ufa.

"Basi isage," nikasema.

"Siwezi. Nikisaga mpaka nifike chini ya bakuli lako, hedi itakuwa fupi, na valvu zitasalimiana na pistoni. Hii imekufa. Tafuta nyingine." Akazima taa ya benchi. "Na gasketi ya shemeji yako haikuwa na kosa. Hakuna gasketi inayoweza kubana hewa."

Nikamwomba asiseme. Nilimwomba hivyo hivyo, mtu mzima na mvi zangu, nimeshika gunia.

"Mimi nanyoosha vyuma," akasema. "Midomo siyo mashine yangu. Iliyopinda ni yako, utainyoosha mwenyewe."

Jumapili, 24 Machi

Hedi nyingine nimeitafuta kwa jasho langu, imetoka kwenye gari lililopinduka. Mkereza kaipima, kaisaga kidogo sana, kaipima tena. Haing'ai. Ina ukungu fulani wa mistari myembamba, na ndivyo inavyotakiwa, maana gasketi inahitaji mahali pa kushika. Miaka yote hii sikujua.

Jioni mpwa wangu akavuka na gasketi mpya mkononi.

"Baba kasema, kama ile ilikuwa mbovu, hii ni badala yake."

Nikaipokea.

"Imetoka boksi lile lile, Mjomba," akasema. "Nimeona nikwambie." Akasimama kidogo, kama anasubiri niseme kitu. Kisha akarudi, anaruka madimbwi.

Jumatano, 27 Machi

Gari linaenda vizuri. Oili safi, maji safi. Mama Maziwa amenipigia magoti nusu. Anamwambia kila mtu, "Mjomba kapata gasketi ya kweli, safari hii." Sikusema imetoka wapi.

Jumatatu, 1 Aprili

Magari mawili leo. Wote wawili wamekuja na gasketi walizonunua mbali, mtaa wa nne, wakanionyesha kwanza. "Angalia, Mjomba, hii haina hesabu?" Nikaangalia. Nikasema haina.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua imekesha. Nimeenda kwa kinyozi. Kulikuwa na mtu nisiyemfahamu, mgeni kabisa, akanisimulia hadithi yangu mwenyewe bila kujua ni yangu.

"Kuna duka huko chini," akasema, "wanauza gasketi za maboksi ya viatu. Fundi mmoja mkubwa alizishtukia. Akaiweka moja kwenye ndoo ya maji, ikayeyuka ikawa uji. Mbuzi akainywa."

"Mbuzi?" nikauliza.

"Akafa."

Kinyozi akanipiga jicho kwenye kioo. Siku nyingine ningemuonea wivu huyo bwana kwa yule mbuzi. Leo nilitoka na nywele nusu, nikasema nimesahau spana kwenye moto. Spana kwenye moto! Hata uongo wangu umeanza kuchakaa.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Shemeji amefuta maboksi yote ya rafu ya juu, akayashusha, akayafuta tena, akayarudisha. Hakuna aliyeingia.

Jumamosi, 13 Aprili

Dada kaja nyumbani. Kaka, kaka, salamu ndefu, akakaa bila kuvua kanga ya kichwani. Nilijua kuna jambo. Nikajiandaa kutukanwa. Ningefurahi kutukanwa.

"Kaka, mimi sikulaumu," akasema. "Uliona ulichokiona, na kazi yako ni kumwambia mteja ukweli. Mume wangu pia anasema hivyo. Anasema huenda alipunjwa huko anakonunulia."

"Anasema hivyo?"

"Anasema shemeji hawezi kunizushia. Hata siku moja hajakusema vibaya." Akavuta pumzi. "Lakini wewe watu wanakusikiliza, kaka. Waambie ni ile moja tu. Zilizobaki ni nzima. Neno lako moja tu. Mwenye nyumba tuliyopanga duka ameanza kuuliza maswali, hata rafu amekuja kuzipima urefu kwa hatua, kama sisi hatupo."

Nikamwambia nitasema. Akanishukuru. Dada yangu, niliyembeba mgongoni kuvuka mto (na huo mto ulikuwepo kweli, ingawa si mpana kama nisemavyo), akanishukuru.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimesema.

Kijiweni walikuwepo Rangirangi na wengine wanne, wamejibanza chini ya turubai. Nikawaambia, sikilizeni, ile gasketi ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa langu. Niliisugua hedi mpaka nikaichimba, gasketi ikakosa pa kubana.

Kisha Rangirangi akapiga paja lake.

"Ala! Mnamwona Mjomba? Anajipaka matope ili amsitiri shemeji yake!"

"Siyo hivyo. Nawaambia kweli."

"Kweli kama ile ya treni!" Wakacheka wote. Mzee mmoja akanishika bega kwa heshima kabisa. "Umefanya la kiume. Dada ni dada. Lakini sisi macho tunayo, hesabu uliziona mwenyewe."

Nikaapa. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyocheka, maana nimeapa mbele yao mara nyingi, na kwa mambo makubwa zaidi. Wakaninunulia chai.

Naandika hili kwa sababu ndilo baya kuliko yote: nilipokuwa nakunywa ile chai, kwa dakika kadhaa, nilijisikia kweli kama mtu anayemsitiri shemeji yake. Chai ilikuwa tamu.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Sijavuka barabara.

Ijumaa, 26 Aprili

Maboksi yako nje, chini ya kibaraza cha duka, yamefunikwa nailoni. Mwenye nyumba kapata mtu wa kuuza simu, anahamia mwisho wa mwezi. Shemeji kapata kazi ya kulinda ghala la mtu. Mwanamume aliyefungua mlango wake mwenyewe kila asubuhi tangu nimwoze dada yangu, aende akafungulie wengine geti.

Nikajikaza nikavuka. Mpwa wangu alikuwa anapanga fani belti kwenye katoni. Hakusogeza kiti. Aliendelea kupanga, halafu akauliza bila kuinua uso.

"Mjomba, ile gasketi ya kwanza. Zile hesabu. Zilikuwa za nini?"

Mlango ulikuwa wazi. Ningesema hazikuwepo. Neno moja, na mbele ya mtu mmoja tu, mtoto wa dada yangu. Nilifungua mdomo kusema hazikuwepo.

"Kujumlisha," nikasema.

"Kujumlisha," akasema yeye. Akafunga katoni kwa gundi ya karatasi, akaandika juu yake, akaibeba nje.

Mke wangu kaniuliza mbona sili. Nimemwambia jino.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimeamka na wazo moja tu: maneno yangu hayafai tena, hata ya kweli. Basi sitasema. Nitawapa chuma kiseme.

Ile hedi iliyokufa ilikuwa chini ya benchi, ndani ya gunia lake. Nikaenda kwanza kwa Mkereza nikamwomba rula na vile vyuma vya kupimia. Akatikisa kichwa.

"Rula yangu haijawahi kutoka humu. Ikianguka mara moja inakuwa fito."

"Basi njoo nayo wewe."

Akafunga karakana. Tukatembea pamoja, mimi na gunia, yeye na rula kifuani chini ya mwavuli, watu wanatutazama. Nikapita kijiweni: "Rangirangi, njoo. Wote njooni." Nikamkuta Mama Maziwa anashusha mapipa, nikamwambia njoo. Wakadhani kuna kichekesho. Wakaja wengi.

Kaunta ya shemeji ilikuwa tupu. Nikaiweka hedi juu yake, uso juu. Bado inang'aa. Shemeji alikuwa amesimama na kitambaa chake mkononi, hana cha kufuta.

"Hii ndiyo hedi ya gari la mama," nikasema. "Niliisafisha mimi mwenyewe. Mnaikumbuka. Rangirangi, ulichana nywele humu."

"Nakumbuka."

"Mimi msiniamini. Mnanijua. Mama, shika hiki."

Nikampa Mama Maziwa kile chuma chembamba. Mkereza akaisimamisha rula. Nikamwambia apitishe pembeni. Kikagoma. Nikamwambia apitishe katikati. Kikapita. Akakirudisha, akakipitisha tena, polepole.

"Na hiki kinene," nikasema. Kikapita.

"Mwanga unaonekana chini," akasema Rangirangi. Alikuwa amepiga goti, jicho moja limefumbwa. "Kuna mwanga huku."

"Hapo ndipo gasketi ilipoungulia," nikasema. "Gasketi ilibana kila ilipopata chuma. Hapo sikuiachia chuma. Na inayokubebea maziwa sasa hivi, mama, imetoka humu, boksi lile lile. Mpwa wangu ndiye aliyeileta. Hesabu hazikuwepo. Sikuona hesabu yoyote."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimezoea vicheko vya kila namna, kimya kile sikukijua. Kisha mmoja nyuma akacheka kidogo, si pamoja nami, na mwingine akamfuata. "Fundi wa treni!" Nikasimama pale nikakipokea kicheko chote. Nilisikia masikio yanawaka.

Mama Maziwa akaweka kile chuma juu ya kaunta. Hakuniangalia. Akamgeukia shemeji.

"Baba, mimi nilikuja hapa nikakutupia kitu juu ya kaunta, nikakuita mwizi mbele ya mwanao. Nisamehe."

"Yamepita, mama," shemeji akasema.

"Hayajapita. Nisamehe kwanza ndiyo yapite."

"Nimekusamehe."

Kisha Mama Maziwa akanielekezea kidole bila kugeuza kichwa. "Wewe, tutaongea."

Mkereza akaifunga rula yake kwenye flana. Akaninong'oneza, "Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema. Wewe umeponza vichwa viwili, na kimoja ni cha injini." Hata katika hali ile nilitaka kucheka. Nikashindwa.

Watu walipotawanyika shemeji alikuwa bado amesimama. Nikangoja anitukane. Alichukua kitambaa akaifuta ile hedi, pole pole, kona hadi kona, kama anataka kuiuza.

"Siku ile ile," akasema, "ungevuka tu barabara ukaniambia, shemeji, nimeharibu. Ningewaambia watu gasketi ilikuwa mbovu. Ningesema mwenyewe. Ningekusitiri."

Akakikunja kitambaa akakitia mfukoni.

"Sasa hata hilo umeninyima."

Jumapili, 28 Aprili

Sijatoka. Nimemwambia mke wangu yote. Akasema alijua siku ya jino.

Jumanne, 30 Aprili

Mtu wa simu alishalipa, hawezi kurudishwa. Lakini mwenye nyumba naye alikuwepo Jumamosi, ameona mwanga chini ya rula kwa jicho lake, na tangu hapo hawezi kumtazama shemeji vizuri. Wameafikiana: duka litagawanywa kwa mbao katikati. Nusu simu, nusu spea. Shemeji amekwenda kukataa kazi ya geti. Nimeshika nyundo mimi mwenyewe kupiga zile mbao. Hakunikataza, na hakunisemesha. Dada kaniletea maji ya kunywa, akayaweka chini, karibu nami, si mkononi.

Jumamosi, 4 Mei

Wateja wawili wameingia kwa shemeji. Kwangu hakuna. Ni haki.

Alhamisi, 9 Mei

Leo nimepata kazi, gari lililochemka. Nimeivua hedi, sikuigusa kwa burashi, nimeibeba kwa Mkereza nikapanga foleni nyuma ya wawili. Akaipima mbele yangu, akanipa chuma nikajaribu mwenyewe. Imepinda kidogo tu. Ataisaga kesho.

Kisha nikavuka kununua gasketi. Nusu ya duka ni nyembamba sasa, mtu wa pili akiingia wa kwanza inabidi ageuke ubavu. Shemeji hakuwepo, alikuwepo mpwa wangu. Akanitafutia saizi, akalifuta boksi kama baba yake, akaniwekea juu ya kaunta. Shikamoo, marahaba, basi. Nilitaka kusema neno lolote, hata dogo, lisilo na basi wala treni wala mbuzi ndani yake.

"Mvua imekata," nikasema.

Akaniangalia. Akazunguka kaunta, akapita ubavu wangu, akaenda mpaka mlangoni, akanyoosha mkono nje ya kibaraza, kiganja juu. Nikabaki nimesimama na gasketi mkononi, nikimsubiri arudi aniambie.